Jembe na Kalamu: Jinsi Siasa Inavyoongoza Elimu

Mzazi ampelekapo mtoto wake shuleni kwa mara ya kwanza huuliza mambo machache: karo ni kiasi gani, sare ni ya rangi gani, mwalimu ni mkali au ni mpole. Wachache mno huuliza swali lililo kubwa kuliko hayo yote: Ni nani aliyeamua kwamba mtoto huyu afundishwe haya, asifundishwe yale? Kitabu kilichomo mkobani mwake hakikuota kama uyoga. Kuna watu walioketi mezani, wakachagua somo hili na kuliacha lile, wakakata shauri ni watoto wangapi watakaoendelea mbele na wangapi watakaorudi nyumbani. Watu hao walitumwa na serikali, na kazi ya serikali haitengani na siasa.

Wako wasemao kwamba siasa na elimu yafaa vitengwe kama mafuta na maji. Neno hilo lapendeza masikioni, lakini historia haikubaliani nalo. Taratibu ya masomo, ambayo siku hizi huitwa mtaala, ni jibu la watawala kwa swali moja: Mtoto huyu atakapokuwa mkubwa, na awe mtu wa namna gani? Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Kila serikali huijua methali hiyo, hata kama haitamki. Katika somo hili msomaji ataonyeshwa jinsi mambo yalivyokwenda katika nchi ya Kenya, tangu siku za ukoloni hata miaka ya karibuni.

1. Elimu ya mkono kwa Mwafrika

Zamani watoto wa pwani walisoma vyuoni, kwa walimu wa Kurani, na watoto wa bara walifunzwa na wazee wao mambo ya kabila, ya mashamba na ya mifugo. Mwaka wa 1846 wamisionari walianza kituo chao Rabai, karibu na Mombasa, na hapo mafundisho ya shule za kimisioni yakapata mwanzo. Shabaha yao ilikuwa Mwafrika apate kusoma Maandiko.

Serikali ya Koloni ilipojikita ilikuwa na haja zake. Ilitaka maseremala, waashi na makarani wadogo, na walowezi walitaka vibarua. Profesa Nelson Fraser, aliyekuwa amefanya kazi ya elimu Bara Hindi, aliombwa kutoa mashauri, na mwaka wa 1909 akashauri Waafrika wafundishwe hasa kazi za ufundi. Idara ya Elimu iliundwa mwaka wa 1911. Shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Kila kundi lilipewa masomo yaliyolingana na mahali ambapo watawala walikwisha kuliwekea katika nchi.

Mwaka wa 1924 ilifika tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hii ilikuwa imetazama shule za watu weusi wa Marekani ya kusini, kama Hampton na Tuskegee, ambako kilimo na ufundi vilishika mahali pakubwa. Ikashauri kwamba elimu ya Afrika ipatane na maisha ya kijiji: afya, kilimo, ufundi na malezi ya nyumbani. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu watakaoipeleka elimu ya namna hiyo vijijini.

Yapasa kusema kweli juu ya jambo hili. Kazi ya mkono si aibu, na mtoto ajuaye kulima na kuranda mbao hana hasara. Tena wako wajumbe wa tume waliolitakia bara hili mema. Lakini wazazi wa Kiafrika walikuwa na macho. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi hakushikishwa jembe ili aandaliwe kuwa kibarua; yeye alipewa kalamu, hesabu na Kiingereza ili aje kuwa bwana. Basi jembe, ambalo nyumbani lilikuwa chombo cha heshima, shuleni likawa alama ya ukomo: hapa utafika, hutapita.

2. Wazazi watoa jibu lao

Jibu la wazazi halikuwa la maneno matupu. Halmashauri za Wenyeji, zilizoanzishwa katikati ya miaka ya 1920, zilitenga fedha za watu wao kwa kujenga shule. Mwaka wa 1926 shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana, ikawa ngazi ya kwanza ya elimu ya sekondari kwa Waafrika. Nafasi zake zilikuwa chache mno kwa nchi nzima.

Mwaka wa 1929 kulitokea mgogoro mkubwa katika nchi ya Wakikuyu juu ya desturi ya kutahiri wasichana, nao ukawatenga wazazi wengi na misheni. Wengi waliwatoa watoto wao shuleni, wakajenga shule zao wenyewe kwa miti, udongo na michango ya senti. Chama cha shule hizo, KISA, kiliundwa mwaka wa 1934, na kando yake kulikuwa na kingine kilichoitwa Karing'a. Wazazi hawa walitaka mambo mawili hasa: desturi zao zisidharauliwe, na watoto wao wajifunze Kiingereza mapema, maana waliona kwamba lugha ya ofisi na ya mahakama ndiyo ufunguo. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alifungua chuo cha walimu Githunguri. Baadaye Jomo Kenyatta alikuwa mkuu wake.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ilizihesabu shule hizi kuwa mahali pa kupandia uasi. Chuo cha Githunguri kilifungwa, na shule nyingi zikafungwa pamoja nacho. Baadhi zilifunguliwa tena baadaye, lakini si mikononi mwa wale waliozijenga. Kwa ajili ya siasa ya wakubwa, mtoto wa darasa la pili alikosa mwalimu asubuhi moja, na hakuna aliyemweleza sababu.

3. Chujio

Kabla ya hayo, mwaka wa 1949, kamati ya Arkidikoni Leonard Beecher ilikuwa imeleta ripoti yake juu ya elimu ya Waafrika. Iliweka mpango wa miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Baada ya miaka minne ya kwanza ulikuwapo mtihani. Baada ya mwaka wa nane, mtihani mwingine. Kila mtihani ulikuwa chujio, na matundu ya chujio yalipimwa kwa fedha zilizotengwa, si kwa akili za watoto tu.

Wenye kuutetea mpango huo walisema kwamba fedha ni chache, na kwamba ni afadhali shule chache zilizo imara kuliko nyingi zilizo dhaifu. Hoja hiyo haikosi maana. Wenye kuupinga waliuliza kwa nini chujio liwekwe mbele ya mtoto wa Kiafrika wa miaka kumi au kumi na mmoja, ilhali watoto wa rangi nyingine hawakuwekewa kizuizi cha namna hiyo. Hapa msomaji aangalie vizuri. Mtihani huonekana kuwa kitu kisicho na upendeleo: karatasi ni moja, saa ni moja. Lakini ni wangapi watakaopita, hilo huwa limekatwa zamani, katika chumba ambacho mtoto hajapata kukiona.

4. Bendera mpya, darasa moja

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Wiki moja baadaye serikali mpya iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde. Haraka hiyo yaonyesha jinsi viongozi walivyoelewa kwamba bendera juu ya mlingoti haitoshi kama darasa lililo chini yake ni lile lile. Katika ripoti zake za mwaka wa 1964 na 1965, tume ilishauri kwamba utengano wa rangi uondolewe na kwamba elimu ijenge taifa moja. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 ikaziweka shule chini ya Waziri, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili.

Katika jambo la lugha tume ilichagua njia mbili kwa pamoja. Iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, ikakisifu Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha watu. Lakini sifa si mtihani. Kwa miaka ishirini Kiswahili kilibaki somo ambalo mwanafunzi angeweza kuliacha, wala halikumzuia kupanda darasa. Ndipo mwaka wa 1985, ulipoanza mpango mpya, kikawa somo la lazima lenye mtihani. Somo lisilo na mtihani hupata heshima ya midomoni tu, na mwenye kuchagua masomo ya mtihani ndiye mwenye kuchagua yatakayothaminiwa.

5. Chuo Kikuu nacho hakiepuki

Wengine hudhani kwamba siasa huishia mlangoni mwa Chuo Kikuu. Makerere, huko Uganda, ilianza mwaka wa 1922 ikiwa shule ya ufundi, na mwaka wa 1949 ikafungamana na Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1956, kilifanya vivyo hivyo mwaka wa 1961. Faida ilikuwapo: shahada ya Kampala ililingana na ya London, na hakuna aliyeweza kuidharau. Lakini mwenye kupima ndiye mwenye kuchagua kinachopimwa. Tena kwa miaka mingi Makerere ilitoa matabibu, walimu na mabwana shamba, wala haikufundisha sheria. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimpasa kuvuka bahari. Chuo cha kwanza cha Afrika ya Mashariki kufundisha sheria kilikuwa cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka wa 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Wakili ni mtu ajuaye kumwuliza mtawala maswali. Haikosi maana kwamba somo lake lilichelewa kufika.

Hata baada ya uhuru, Idara ya Kiingereza ya Nairobi iliendelea kuiweka fasihi ya Uingereza katikati ya masomo yake. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara hiyo ivunjwe. Hawakusema kwamba vitabu vya Waingereza vitupwe. Walisema Afrika iwekwe katikati, na fasihi za nchi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Na masimulizi ya mdomo ya wazee yahesabiwe kuwa fasihi. Palitokea mabishano makali, na mwishowe ikaundwa Idara ya Fasihi.

Mabishano hayo hayakubaki Chuo Kikuu. Mwaka wa 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kuzungumzia mafundisho ya fasihi ya Kiafrika mashuleni, na baada ya miaka wanafunzi wa sekondari wakawa wakisoma hadithi, vitendawili na nyimbo za watu wao katika somo la fasihi simulizi. Kinachofundishwa Chuo Kikuu leo humfikia mtoto wa kijijini kesho, maana mwalimu wake ndiko alikofundishwa.

6. Serikali inapomwogopa mhadhiri

Serikali ya wananchi nayo yaweza kuogopa mafundisho kama ile ya kikoloni. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa, baada ya mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kwa lugha ya Kikuyu kupigwa marufuku. Alikaa kizuizini bila kuhukumiwa hata Desemba 1978, wala hakurudishiwa kazi yake ya Chuo Kikuu. Mwaka wa 1982 wahadhiri kadha walikamatwa. Baada ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti mwaka huo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda uliozidi mwaka mmoja. Mmoja wa waliotiwa kizuizini alikuwa mhadhiri wa sheria, Willy Mutunga. Mwaka wa 2011 mtu huyo huyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Katika siku hizo Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa kila Chuo Kikuu cha umma. Desturi hiyo ilikoma mwaka wa 2003, Rais Mwai Kibaki alipowaachia wengine cheo hicho. Halafu Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 33, ikautaja uhuru wa wasomi kuwa sehemu ya uhuru wa kusema. Msomaji asilione jambo hili kuwa la maprofesa tu. Mhadhiri anayeogopa kusema afundisha walimu wanaoogopa kuulizwa, na walimu hao hulea watoto wasiouliza.

7. Jembe larudi

Miaka ya 1970 vijana wengi walimaliza shule wasipate kazi. Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilisema kwamba elimu imwandae kijana kujitegemea. Mwaka wa 1981 tume ya Mackay, iliyoitwa kushauri juu ya Chuo Kikuu cha pili, ilileta pia mpango wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya Chuo Kikuu. Rais Daniel arap Moi, ambaye zamani alikuwa mwalimu, aliushika mpango huo, na ulianza Januari 1985. Chuo Kikuu cha pili kilikuwa kimeundwa mwaka wa 1984, nacho kikapewa jina lake.

Katika mpango huo kilimo, ufundi na sayansi ya nyumbani vilirudi darasani, mara hii kwa watoto wote. Jembe lilikuwa lile lile la mwaka wa 1924, lakini halikuwa na maana ile ile, kwa kuwa mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima walipewa mtihani mmoja. Hata hivyo kazi ilianza kwa haraka. Wazazi walitakiwa kuchanga kwa harambee ili karakana zijengwe. Penye uwezo zilijengwa. Penye umaskini mtoto alisoma randa kwa picha ya ubaoni. Masomo yalikuwa mengi na siku ni ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mkono yaliondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na karakana nyingi zikakosa kazi.

8. Mlango wafunguliwa

Isidhaniwe kwamba kila siasa huidhuru elimu. Milango mikubwa ilifunguliwa na siasa hiyo hiyo. Mwaka wa 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka wa 2003, kufuatana na ahadi iliyotolewa wakati wa uchaguzi, karo ya shule za msingi iliondolewa kabisa, na hesabu ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Madarasa mengi yalifurika na walimu hawakutosha. Lakini watoto waliingia. Mwaka uliofuata aliingia pia Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika vita vya Mau Mau. Alivaa sare ya shule huko Eldoret, akaketi na watoto wa darasa la kwanza, maana alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mlango uliokuwa umefungwa kwake tangu utoto ulifunguliwa kwa tangazo moja la serikali. Hiyo ndiyo nguvu ya siasa, kwa kufunga na kwa kufungua.

Mtaala wa Umilisi ulijaribiwa kuanzia mwaka wa 2017 na kuenezwa mwaka wa 2019, ukisisitiza tena uwezo wa mtoto kutenda. Ukawa neno la majukwaani katika uchaguzi wa mwaka wa 2022. Serikali mpya iliunda tume iliyozunguka kaunti kukusanya maoni ya wananchi, na kwa ushauri wake madarasa ya sekondari ya chini yaliwekwa katika shule za msingi Januari 2023. Wazazi waliojitokeza walisikilizwa. Waliokaa nyumbani walisikia habari redioni.

Maneno ya kushika

Katika historia hii yote jembe halikuwa adui, wala kalamu haikuwa mkombozi peke yake. Neno kubwa ni nani anamchagulia nani. Somo ambalo mtu humchagulia mtoto wa mwenziwe, ila hamtakii mtoto wake mwenyewe, si elimu bali ni mpaka. Somo ambalo mtu humchagulia mtoto wa mwenziwe na wake pia, laweza kuwa gumu, laweza hata kuwa na makosa, lakini makosa yake yatasahihishwa, kwa sababu wenye nguvu nao wataumia.

Basi mzazi asingoje mpaka kitabu kimekwisha kuchapwa. Katiba ya mwaka wa 2010 imeutaja ushiriki wa watu kuwa moja ya maadili ya taifa, na elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto. Haki isiyodaiwa hulala. Mkutano wa shule una kiti cha mzazi, na kiti kilicho wazi hakina sauti.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini wazazi wa miaka ya 1920 walikataa elimu ya jembe, ingawa wao wenyewe walikuwa wakulima?
2. Mtihani mmoja kwa watoto wote, je, ni haki kamili kama shule moja ina karakana na nyingine haina? Toa sababu.
3. Taja jambo moja lililoanza Chuo Kikuu na kufika katika shule za sekondari.
4. Chukua kitabu kimoja cha mtoto wako. Soma sura moja, kisha ujiulize: Mwenye kuiandika alitaka mtoto huyu awe mtu wa namna gani?